Mama, Muuguzi na Bahari: Siku 38 za Familia ya Robertson

Katika nyumba yoyote ile, mama ndiye anayejua kwamba pipa la maji limebaki nusu, kwamba unga utafika Alhamisi, na kwamba mtoto fulani hakula vizuri jana usiku. Hesabu hizo hatukufundishwa shuleni. Tunazifanya kila siku bila kuziandika popote, na mara nyingi hakuna anayeziona. Je, ingekuwaje kama nyumba hiyo ingekuwa inaelea katikati ya bahari kuu, wiki nzima nzima mbali na nchi kavu, bila duka, bila bomba, na bila jirani wa kumwazima chumvi?

Mwezi huu tumeona vema tuwaletee akina mama wenzetu habari za familia moja iliyoishi hivyo, yaani familia ya Dougal na Lyn Robertson wa Uingereza. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni habari ya kweli iliyoandikwa na wenyewe waliopatwa nayo. Pili, Lyn alikuwa muuguzi kama sisi tunaoandika ukurasa huu. Ujuzi wake wa wodini ulisaidia kuokoa maisha ya watu 6 mahali ambapo hapakuwa na wodi, wala dawa, wala daktari.

Ndoto ya baba na mizigo ya mama

Dougal Robertson, Mskoti, alikuwa baharia wa meli za biashara kabla ya kutulia shambani. Kwa miaka mingi yeye na Lyn walifuga ng'ombe wa maziwa katika sehemu za Staffordshire, mbali kabisa na pwani. Walikuwa na watoto wanne: binti yao Anne, kijana wao Douglas, na mapacha wa kiume, Neil na Sandy. Maisha ya mfugaji tunayajua hata sisi. Ng'ombe hawana sikukuu, na deni la chakula cha mifugo halingoji.

Wazo la safari lilitoka kwa mtoto. Mwaka 1968 redioni kulikuwa na habari za mashindano ya kuizunguka dunia kwa tanga, na mmoja wa mapacha akauliza kwa nini wao wasifanye hivyo, maadamu baba yao ni baharia. Katika nyumba nyingi swali la namna hiyo huishia mezani. Katika nyumba hiyo halikuishia. Wazazi wale waliona kwamba watoto wao wangejifunza mengi zaidi duniani kuliko walivyokuwa wakijifunza kando ya zizi. Wakaacha shamba, wakatia akiba yao yote katika chombo kimoja cha mbao kiitwacho Lucette. Kilikuwa na urefu wa futi 43, yaani mita 13 hivi, na kilikuwa kimejengwa mwaka 1922.

Wakang'oa nanga Falmouth, kusini magharibi mwa Uingereza, Januari 27, 1971. Walivuka Atlantiki na kukaa katika visiwa vya Karibi. Anne, ambaye alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa, aliamua kubaki Bahamas. Huko Panama wakampokea kijana wa miaka 22 aitwaye Robin Williams, ambaye hakuwa mzoefu wa bahari. Kutoka hapo wakaingia Bahari ya Pasifiki, wakatua visiwa vya Galápagos, kisha mwezi Juni 1972 wakaelekeza chombo magharibi kwenda visiwa vya Marquesas, safari ya karibu maili 3,000 za baharini.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Wapo watakaosema kwamba mama mwenye akili timamu asingekubali. Wengine watasema mke humfuata mumewe. Sisi hatutaki kumhukumu Lyn kwa upande wowote. Tunachotaka ni kutazama jinsi alivyoishi ndani ya uamuzi ambao yeye na mumewe walikuwa wameufanya.

Siku moja katika chombo cha tanga

Chombo kama Lucette hakikimbii. Kikipata upepo mzuri hutembea mwendo wa mtu aendaye kwa haraka au anayekimbia polepole, lakini hakilali. Kwa kuwa kinakwenda usiku na mchana, huweza kukata maili 100 hadi 140 kwa siku. Kwa hiyo safari ya maili 3,000 ni ya wiki tatu hadi tano, kutegemea upepo. Wavuvi wetu wa pwani wanaohesabu mwaka kwa kusi na kaskazi wataelewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Kwa kuwa chombo hakilali, watu hulala kwa zamu. Mmoja hukaa kwenye usukani saa tatu au nne, akitazama tanga, dira na upeo wa bahari, kisha humwamsha mwenzake. Muuguzi aliyewahi kufanya zamu ya usiku anajua ugumu ulipo. Kukaa macho hukuzoea baada ya siku kadhaa. Kazi ni kuupata usingizi mchana wakati wengine wanapiga kelele.

Jikoni kuna mambo yake. Jiko la chombo huning'inizwa ili liyumbe pamoja na mawimbi, sufuria ibaki wima wakati sakafu imelala upande. Hata hivyo uji wa moto huweza kuruka. Wapishi wenye busara huvaa aproni nzito hata kukiwa na joto, kwa sababu kuungua mbali na hospitali ni balaa. Vyombo huoshwa kwa maji ya bahari. Mboga hukaguliwa kila siku, kwani kitunguu kimoja kilichooza huharibu mfuko mzima. Maji baridi hupimwa. Hakuna kuacha bomba likitiririka wakati mtu anapiga mswaki.

Kichefuchefu cha bahari huwapata karibu watu wote siku mbili tatu za mwanzo, kisha wengi huzoea. Watoto hufungwa kamba kifuani wakiwa juu, hasa usiku, maana aliyeanguka baharini gizani ni vigumu sana kumpata. Masomo hufanyika mezani asubuhi. Jioni watu hukaa pamoja na kuzungumza, kwa kuwa hakuna pengine pa kwenda. Familia nyingi zilizosafiri hivyo husema hicho ndicho wanachokikumbuka zaidi: kwamba walikaa pamoja.

Asubuhi ya Juni 15

Siku chache tu baada ya kutoka Galápagos, Juni 15, 1972, wapata saa nne asubuhi, Lucette ilipigwa kwa chini mapigo mazito. Walikuwa nyangumi wauaji watatu. Mbao za chini zilipasuka, na maji yakaingia kwa nguvu kiasi kwamba haikuwepo nafasi hata ya kufikiri juu ya kuziba. Walikuwa maili 200 hivi magharibi ya visiwa hivyo. Chombo kilichokuwa nyumba yao kwa mwaka mmoja na miezi mitano kikazama katika muda wa dakika chache.

Walikuwa na boti ya mpira ya kujiokolea pamoja na kidau kidogo kiitwacho Ednamair, chenye urefu wa mita 3 hivi. Dougal alitumia kisu cha jikoni cha kukatia mboga kukata kamba zilizofunga boti na kidau. Wote sita walitoka hai: Dougal na Lyn, Douglas wa miaka 18, mapacha waliokuwa na miaka kama 12, na Robin.

Vitu vilivyookolewa vingeweza kuenea katika beseni moja la mama wa sokoni. Ndani ya boti ya mpira mlikuwa na akiba ya dharura: painti 18 za maji, yaani lita 10 hivi, mkate mkavu kidogo na glukosi, ndoana chache, fataki 8 za kuwaka kama ishara, tochi, kioo na kisanduku cha huduma ya kwanza. Juu ya maji waliokota machungwa 10, malimau 6 na mfuko wa vitunguu. Aidha, kilielea kikapu cha Lyn cha kushonea, chenye sindano, nyuzi na mikasi.

Akina mama, hebu tuutazame mgawo huo. Lita 10 za maji kwa watu 6 si hata lita 2 kwa kila mtu, nao walikuwa chini ya jua la Ikweta. Ramani hawakuwa nazo. Dira hawakuwa nayo. Pia hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyejua kwamba chombo chao kimezama. Kwa kuwa safari ya Marquesas huchukua wiki nyingi, hata ndugu zao wasingeanza kuwa na wasiwasi hadi muda mrefu upite.

Lyn alikuwa mama wa sala. Siku ile ya kwanza alisali, naye Dougal, ambaye hakuwa mtu wa dini, alikaa kimya. Kisha mama yule akamwambia mumewe jambo moja: kwamba ni lazima watoto hawa wafikishwe nchi kavu. Hakumwuliza ni nani aliyeleta wazo la safari. Kama neno hilo lilikuwa moyoni mwake, alijua kwamba saa yake haikuwa ile.

Meli iliyopita

Dougal alikuwa baharia hasa, na hapo ndipo elimu yake ilipofaa. Kurudi Galápagos kusingewezekana, kwa sababu upepo na mkondo wa bahari vilikuwa vinawasukuma kuelekea magharibi. Kwenda Marquesas kulimaanisha kutafuta visiwa vidogo mbali mno, bila maji ya kuwafikisha. Akachagua kaskazini. Huko, karibu na Ikweta, kuna ukanda wa bahari ambako pepo hufa na mvua hunyesha mara kwa mara. Wangepata maji kwanza, kisha wajaribu kuufuata mkondo unaorudi mashariki hadi pwani ya Amerika ya Kati. Wakatengeneza tanga kwa vipande walivyonavyo, kidau kikaivuta boti ya mpira.

Siku ya saba waliona meli. Ilikuwa karibu, maili 3 hivi. Waliwasha fataki, wakapunga mikono, wakapaza sauti. Meli ikapita.

Sisi tuliofanya kazi hospitalini tumeona mara nyingi jinsi tumaini linapovunjika ghafula linavyoweza kumwua mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Yapo majuma ambayo mgonjwa anamngoja mtu fulani, na mtu huyo asipokuja, anaugeukia ukuta. Familia hii ingeweza kufia hapo. Lakini Dougal anaeleza katika kitabu chake kwamba kupita kwa meli ile kulimgeuza. Tangu siku hiyo waliacha kuishi kwa kungojea kuokolewa. Waliamua kuishi kwa kutafuta riziki yao baharini, na kama meli ingekuja, ingekuwa ni ziada.

Chakula kutoka baharini

Riziki ilikuja kwa namna mbalimbali. Samaki warukao waliangukia ndani ya kidau usiku. Alfajiri moja falusi mkubwa aliruka akajiingiza mwenyewe. Lakini chakula kilichowaweka hai ni kasa. Kasa wa baharini ni mnyama mzito mwenye makucha na mdomo mkali, na kumwingiza ndani ya kidau kinachoyumba ni kazi ya kutoa damu. Katika siku zile zote walikamata kadhaa. Walikula nyama mbichi na mayai, na kipande kilichobaki walikikata vipande vyembamba na kukianika juani. Tunaokausha samaki au nyama nyumbani tunaelewa kazi hiyo. Mafuta ya kasa waliyapaka mwilini, maana maji ya chumvi yalikuwa yamewatoa majipu na vidonda.

Pale ambapo mvua haikunyesha, walikunywa damu ya kasa, wakiwahi kabla haijaganda. Msomaji anaweza kukunja uso. Sisi tunasema kwamba mama aliyemwona mwanawe midomo imepasuka kwa kiu hangekunja uso.

Na kwa nini hawakunywa maji ya bahari, yaliyowazunguka pande zote? Jibu ni la kisayansi, nalo latufaa hata nyumbani. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Figo za binadamu haziwezi kutoa chumvi nyingi kiasi hicho bila kutumia maji mengi zaidi ya yale aliyokunywa. Kwa hiyo kila kikombe cha maji ya bahari hukuacha na kiu kubwa zaidi kuliko ya kwanza, na mwisho wake ni kuchanganyikiwa na kufa.

Mvua nazo zilipokuja zilileta shida yake. Maji yaliyokusanyika chini ya boti yalichanganyika na damu na uchafu wa kasa. Yalikuwa maji yasiyo na chumvi ya bahari, lakini yananuka kiasi kwamba hakuna tumbo ambalo lingeyapokea. Mtu angetapika, na kutapika kungempotezea hata maji kidogo yaliyomo mwilini.

Hapo ndipo muuguzi alipoongea.

Lyn aliwaeleza kwamba utumbo mpana hunyonya maji. Kabla ya dripu ya mshipani kuenea, wauguzi wa zamani waliwapa wagonjwa maji kwa njia ya haja kubwa, na njia hiyo ilitumika hata katika Vita Kuu ya Kwanza. Akatengeneza bomba la enema kwa vitu walivyokuwa navyo, akawapa familia yake maji yale. Alianza na wanawe na mumewe. Robin peke yake alikataa. Maji ambayo yangemwagwa yakawa msaada mwilini mwao.

Tunaliandika jambo hili wazi kwa sababu ndivyo lilivyotokea. Lakini tunaonya kwa nguvu zote: mama yeyote asijaribu kumpa mtoto enema nyumbani. Lyn alikuwa na mafunzo, alijua ni maji gani, na hapakuwa na njia nyingine. Wewe unayo njia nyingine, nasi tutaieleza hapa chini.

Watu sita katika mita tatu

Baada ya siku 16 hivi boti ya mpira ilichakaa kabisa. Walikuwa wakiipuliza na kutoa maji mchana na usiku, hata ikawa kazi inawala wao. Basi wakahamia wote katika kidau. Hebu chukua kitanda chako cha futi sita, kiongeze nusu yake tena kwa urefu, uweke humo watu wazima wanne na watoto wawili, nyama ya kukausha, makopo ya maji, kisha ukisukume baharini. Ukingo wa kidau ulikuwa inchi chache tu juu ya maji. Mtu mmoja akisimama bila kutoa taarifa, wote wangezama. Kugeuka, kulala, kwenda haja, kila jambo lilihitaji ruhusa na hesabu.

Hatutaki msomaji adhani kwamba mle ndani walikaa malaika. Dougal mwenyewe ameandika kwamba walikuwa na maneno makali. Waligombana juu ya maji, juu ya nafasi ya mguu, juu ya aliyesinzia kwenye zamu. Na nani asingegombana? Lakini zipo taratibu walizozishika, na ndizo tunazoziona kuwa mafunzo makubwa ya habari hii.

Kwanza, mgawo ulikuwa wazi. Kila mmoja aliona maji yanavyopimwa. Wazazi ambao mara nyingine walitaka kuacha sehemu yao kwa ajili ya mapacha ilibidi wafikiri pia kwamba baba na mama wakianguka, hakuna atakayewakamatia kasa. Pili, kila mtu alikuwa na kazi. Vijana walifanya zamu za kutazama na kutoa maji. Tatu, Lyn hakuacha usafi wala ukaguzi. Alitazama vidonda, aliwakanda watoto, aliwalazimisha kunyosha viungo. Sindano na nyuzi zake zilishona yaliyopasuka. Wodi yake ilikuwa kidau, lakini bado aliifanyia raundi.

Nne, walizungumza juu ya kesho. Walipanga kwamba wakirudi watafungua mkahawa, wakaupa jina la Jikoni kwa Dougal, wakashindana kutunga orodha ya vyakula vitakavyouzwa humo. Mtu anaweza kusema kwamba ni mateso kutaja chakula mbele ya mwenye njaa. Wao waliona kinyume chake. Mtoto anayepanga nini atakula mwaka kesho anakuwa amekwisha kukubali kwamba mwaka kesho upo.

Tano, sala ya mama iliendelea. Mumewe hakubadilika kuwa mtu wa kanisani, na yeye hakumlazimisha. Wapo akina mama wengi miongoni mwa wasomaji wetu wanaosali peke yao nyumbani kwao. Watamwelewa Lyn.

Chombo kiitwacho Toka

Kufikia siku ya 38, Julai 23, 1972, hali yao kwa namna ya ajabu ilikuwa nafuu kuliko wiki ya kwanza. Walikuwa na nyama kavu na maji ya kutosha, na walikuwa wamekusudia kuanza kupiga makasia usiku ili waikaribie pwani. Jioni ile wakaona meli. Dougal aliwasha moja ya fataki chache zilizobaki, akaishikilia hadi ikamchoma vidole. Safari hii meli ikageuka.

Ilikuwa meli ya wavuvi wa Japani iliyokuwa inaelekea Panama, jina lake Toka Maru II. Kwa Kijapani jina hilo lina maana yake, lakini sisi Waswahili hatuwezi kulisoma bila kutabasamu. Kwa watu waliokaa siku 38 ndani ya maji, hakuna neno bora kuliko hilo.

Walipopandishwa miguu haikuweza kuwabeba. Wavuvi wale, ambao hawakuwa na lugha moja nao, waliwavika, wakawalisha, wakawapeleka Panama. Watu sita waliozama Juni 15, wote sita walifika.

Mwaka 1973 Dougal alitoa kitabu kiitwacho Survive the Savage Sea, kisha akaandika kingine cha kuwafundisha mabaharia jinsi ya kujiokoa. Douglas naye aliandika kumbukumbu zake mwaka 2005. Kidau Ednamair kilitolewa kwa makumbusho ya bahari ya Falmouth, mji ule ule walikong'olea nanga.

Yanayotuhusu sisi tulio nchi kavu

Wengi wetu hatutavuka Pasifiki. Lakini kiu iliyowakabili mapacha wale tunaiona katika kliniki zetu, tena kwa watoto wadogo zaidi. Mtoto anayeharisha na kutapika anapoteza maji na chumvi kwa kasi ambayo jua la Ikweta halifikii. Hivyo mama, zijue dalili hizi: macho yaliyozama, mdomo mkavu, kulia bila machozi, mkojo kidogo wenye rangi nzito, ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole, na kwa mtoto mchanga utosi ulioingia ndani. Mtoto aliyelegea, au asiyeweza kunywa, si wa kungoja asubuhi. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Kwa mtoto anayeweza kunywa, anza nyumbani mara moja. Pakiti ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini ndiyo bora. Changanya kama ilivyoandikwa. Kama pakiti haipo, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, weka sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa na chumvi nusu ya kijiko kidogo, ukoroge mpaka viishe. Onja kwanza. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Sasa unajua sababu: chumvi ikizidi, utakuwa unamnywesha mwanao bahari. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, endelea kumnyonyesha, na kituoni uliza juu ya vidonge vya madini ya zinki. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole.

Hali kadhalika, kuna upungufu ambao haupimwi kwa vikombe. Nyumba nyingi hupitiwa na meli yao ya siku ya saba. Ni ajira iliyotazamiwa ikaenda kwa mwingine, ni ndugu aliyeahidi ada akanyamaza, ni mvua iliyokuja ikaishia mlima wa pili. Siku kama hiyo watoto hututazama usoni. Hawatazami kama tunalia. Wanatazama kama baada ya kulia tutainuka tupime kilichobaki.

Kwa hiyo, mama mpendwa, kagua kikapu chako cha kushonea. Tunamaanisha yale madogo uliyojifunza ukaona hayana kazi tena: mafunzo ya huduma ya kwanza uliyopata ukiwa msichana, mkono wa kushona, hesabu ya duka la mama yako, ujuzi wa kukausha mboga. Yafundishe kwa wanao, wa kiume na wa kike, wakiwa bado wanakaa meza moja nawe. Lyn Robertson hakuwa wodini Juni 15, 1972. Lakini aliyojifunza humo hayakuwa yamemwacha, na asubuhi ile yalizama pamoja naye majini na kuelea.